Uigaji, Igizo au Zoezi?

Muuguzi mwanafunzi anapokabidhiwa sanamu ya mtoto mchanga ili ajifunze kuamsha pumzi yake, tendo hilo liitwe nani? Wengine husema uigaji, wengine igizo. Historia ya jambo lenyewe yaelekea kuyakataa maneno yote mawili.

Chombo hiki asili yake ni cha kuchezea. Mwaka 1911 Martha Chase, mtengenezaji wa wanasesere huko Marekani, aliiundia shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norwei, naye mtengenezaji wa vitu vya watoto, alitoa sanamu ya kufundishia kuokoa pumzi. Kwa hiyo mwenye kusema "mwanasesere" hakosei, ingawa wakufunzi huliona neno hilo la kitoto.

Ugumu umo katika tendo. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, upande wa mashariki ya Iramba, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Mbele ya sanamu walifanya vizuri kuliko awali. Mbele ya mtoto halisi mwenendo wao haukubadilika. Hilo ndilo igizo: hodari jukwaani, yule yule nje ya jukwaa. Tangu mwaka 2011 yakaletwa mafunzo mafupi ya mara kwa mara, humo humo wodini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Sanamu haikuwa ngeni. Kilichoongezeka ni kurudia.

Kiswahili kina neno lenye kurudia ndani yake. Kutokana na "zoea" twapata "zoeza", na "zoezi". "Iga" halidai mazoea. Kasuku naye huiga.

Kinampanda, penye chuo cha ualimu, hapana haja ya kulieleza neno hili. Mwalimu mwanafunzi huenda "mazoezi ya kufundisha", wala hakuna asemaye kwamba anaenda kuigiza ualimu. Ni kweli kwamba watoto wa darasani si sanamu, na tofauti hiyo yafaa ionekane katika istilahi. Basi napendekeza "mazoezi ya sanamu", na pale mwanafunzi mmoja anapojifanya mgonjwa kwa ajili ya mwenzake, "mazoezi ya mfano". "Igizo" tuwaachie watu wa tamthilia, ambao wanalihitaji zaidi.