Kipande, Viza na Sahihi ya Mwajiri

Huku kwetu Kabazi, mzee akikuuliza kipande anataka kitambulisho. Nasi wa mjini tunalitumia neno hilo kila siku, lakini ni wachache wanaokumbuka lilikotoka.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, ila vita viliichelewesha hadi 1919 na 1920. Kila mwanamume wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila na alama za vidole. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza kazi, mshahara wako, na siku aliyokuruhusu kuondoka.

Mtego ulikuwa hapo mwisho. Bila sahihi ya kukuachilia, hakuna aliyeruhusiwa kukuandika kazi, na polisi walikuhesabu mtoro. Tuseme umetoka shamba la mzungu hapa Subukia ukafika Nakuru, ukapata kazi nzuri zaidi. Ruhusa ya kuifanya ilibaki Subukia, mezani kwa yule uliyemkimbia. Ilibidi urudi.

Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Walowezi hawakubeba kipande chochote. Ni mwaka wa 1947 tu ndipo sheria mpya ya usajili ilipogusa watu wa rangi zote.

Sasa geuza ukurasa. Tangu 2014, Wakenya tunaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Nimefika Kigali hivyo, pasipoti imelala tu kwa begi. Nikiwa huko nikaona tiketi ya Brussels ya bei poa, nikaulizia viza. Swali la kwanza halikuwa naenda kufanya nini. Lilikuwa: unaishi hapa? La, natembea tu. Basi, nikaambiwa, omba Nairobi.

Ndiyo kanuni ya Schengen: unaomba katika nchi unayoishi kihalali. Ukiwa safarini unaweza kusikilizwa, lakini ueleze kwa nini hukuomba nyumbani, na bei poa si sababu. Marekani nayo ilitangaza Septemba 2025 kwamba waombaji wa viza za muda waombe katika nchi ya uraia wao au wanakoishi.

Sisemi ni kitu kimoja. Mimi nilikosa matembezi. Wao walikosa mkate na wakafungwa jela. Lakini angalia orodha ya karatasi unazoombwa: taarifa ya benki, hati ya shamba kama unayo, na barua ya mwajiri inayosema amekupa likizo na anakungoja. Karne moja imepita na bado mwajiri anaweka sahihi ndipo nitoke. Anayesoma karatasi hizo anatafuta kitu kimoja: nani atahakikisha huyu anarudi?

Na Mbelgiji aliye Kigali akitaka kuja Kabazi? Tangu Januari 2024 Kenya haimdai viza. Anajaza fomu ya idhini ya kusafiri kwenye simu, akiwa palepale hotelini, na hakuna anayemwambia arudi kwao kwanza.