Inzi Mweusi na Inzi Fundi

Mei mwaka jana nilisimama ndani ya kijito kimoja kusini mwa Uingereza, maji yakinifika magotini, mkononi nimeshika wavu. Juu ya maji kulikuwa na inzi wadogo weusi, hawazidi punje ya mchele, wakienda na kurudi kwa kasi sentimita chache tu kutoka usoni pa maji. Wanakata kona kama bodaboda zinazokwepa mashimo. Mara mmoja anagusa maji, anaokota kitu, anaendelea kuruka huku miguu yake ikihangaika tumboni. Nilipiga wavu mara mbili, nikapata tisa.

Nasoma shahada ya uzamili, na zoezi la wiki ile lilikuwa la kumtambua mdudu mmoja hadi ngazi ya spishi. Nilirudi maabara, nikawachoma pini, nikafungua ufunguo wa utambuzi. Kwenye daftari mstari wangu wa kwanza ulisema: "mweusi." Msimamizi alipopita nyuma yangu aliusoma, akatabasamu, akasema wote ni weusi, nihesabu nywele. Uingereza peke yake ina zaidi ya spishi 50 za jenasi ile, na karibu zote ukiziangalia kwa macho matupu ni vumbi la mkaa lenye mabawa. Kwa hiyo nikahesabu nywele: za kifuani, za mabegani, za mguu wa kati. Siku mbili chini ya hadubini, shingo imekauka, mpaka nikafika mwisho wa ufunguo na kukuta jina. *Hilara maura*.

Nilijua Kilatini cha kutosha kuelewa nilichokisoma.

*Maura* ni neno la Warumi kwa mtu wa Mauritania ya kale, yaani pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Baadaye Ulaya ililitanua hadi likawa na maana ya mtu mweusi yeyote. Aliyempa inzi huyu jina hilo ni Johann Christian Fabricius, mwanafunzi wa Linnaeus, mwaka 1776. Fabricius aliwapa majina maelfu ya wadudu. Ukifanya kazi kwa wingi namna ile, unashika sifa ya kwanza inayokuja machoni na kwenda mbele. Inzi ni mweusi, basi Mmauri. Hakuwa peke yake katika mtindo huo. Mwaka uliofuata mwenzake Esper alimwita kipepeo mmoja wa kahawia iliyokolea *aethiops*, na kipepeo huyo hajawahi kuishi Ethiopia.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, na shuleni niliitwa Cheusi. Si kwa chuki. Darasani tulikuwa Amina wawili na mmoja alikuwa mweupe kidogo, basi mimi nikawa Amina Cheusi, halafu Amina likadondoka. Hata mwalimu aliita hivyo. Niliitika kwa miaka sita. Kwa hiyo sikukasirika mbele ya hadubini, ila nilikaa kidogo bila kuandika kitu.

Nusu ya kwanza ya jina ina tabia nyingine. *Hilara* inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uchangamfu, na aliyeiunda jenasi hiyo mwaka 1822 ni Johann Wilhelm Meigen, mwalimu na mpiga kinanda wa kanisa aliyeishi Stolberg, karibu na Aachen. Nampenda Meigen, nikiri. Hakuwa profesa wala tajiri, alifundisha Kifaransa ili ale, na katikati ya hayo aliandika juzuu saba juu ya inzi wa Ulaya, kati ya 1818 na 1838, akichora mwenyewe. Ukiwaona wale inzi juu ya maji huhitaji mtu akueleze kwa nini wachangamfu. Ukiyaunganisha majina ya hao wawili unapata Mchangamfu Mweusi. Nusu moja inafaa kwa mdudu anayecheza, nusu nyingine kwa mdudu aliyechomwa pini.

Maana tendo lake ndilo linalostaajabisha. Inzi hawa ni wawindaji. Dume anaokota visubi na wadudu wengine walioanguka majini, na akiwa bado hewani anamfunga windo wake kwa hariri. Kisha anaingia kwenye kundi la madume wenzake, wanacheza na vifurushi vyao, na jike akija anapokea kifurushi, na wakati anakula ndipo dume anapata anachokitaka. Kwetu Pwani bwana harusi hupeleka sanduku la nguo kwanza. Sioni haja ya kueleza zaidi. Wengine wana ujanja. Wapo madume wanaofunga kipande cha jani au uchafu wowote, na ndani ya hariri hakionekani.

Hakuna lolote kati ya haya ndani ya neno *maura*.

Karne moja baada ya Fabricius, Mrusi mmoja alikuwa akitembea katika milima ya Alpi. Baron Carl Robert Osten-Sacken alizaliwa St. Petersburg mwaka 1828, akawa mwanadiplomasia, akahudumu Marekani miaka mingi, na saa zake zote za ziada alizitoa kwa inzi. Hewani msituni aliona vitu vyeupe vikimeremeta juani. Alivinasa, akakuta inzi mdogo asiye na mng'aro wowote, pamoja na kipande cha kitu cheupe, chembamba kama utando. Mng'aro haukuwa wa inzi bali wa mzigo wake. Mwaka 1877 alichapisha maelezo mafupi katika jarida la wadudu la Uingereza. Alieleza alichokiona, basi.

Miaka kumi na moja ilipita. Mwaka 1888 Theodor Becker, mhandisi wa mji wa Liegnitz ambao leo ni Legnica, Poland, alichapisha maelezo rasmi ya spishi mpya aliyoiita *Hilara sartor*. *Sartor* ni fundi wa kushona. Kwenye kichwa cha makala, pembeni ya jina, Becker aliutaja pia utaji, yaani kile kitambaa cheupe ambacho dume anakibeba chini ya tumbo akicheza. Na kitambaa hicho ni kitupu. Huyu hapeleki chakula kabisa. Anapeleka kanga bila kitu ndani, na jike anapokea.

Nilipolisoma jina hilo nilicheka peke yangu maabara. Mama yangu ni fundi cherehani. Barazani kwetu kuna mashine mbili, na mtaa mzima humwita Mama Cherehani. Wengine hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Naye anapenda. Kwetu mtu kuitwa kwa kazi yake ni jambo la kawaida: Fundi Saidi, Mama Maandazi, Mwalimu. Mtu akikuita hivyo ana maana kwamba amekuona ukifanya kitu.

Ningeweza kuishia hapo, jina baya na jina zuri, lakini pini ina utetezi wake. Kinachowatofautisha madume wengi wa *Hilara* mezani ni mguu wa mbele: pingili ya kwanza ya wayo imevimba kama mtu aliyevaa glavu ya ndondi. Watambuzi waliutumia uvimbe huo kwa miongo mingi, wakaupima na kuuchora, bila kujua ni wa nini. Wengine walidhani hariri inatoka mdomoni au mkiani, kwa kuwa wadudu wengi hutoa hariri huko. Mwaka 1928 Harry Eltringham wa Oxford aliikata pingili ile vipande vyembamba, akaitazama kwa hadubini, akakuta imejaa tezi. Hariri inatoka mguuni, kupitia nywele zenye tundu. Cherehani ilikuwa pale pale kwenye ufunguo wa utambuzi, imeorodheshwa kama uvimbe.

Na ile sanaa ya kutambua inzi kwa mpangilio wa nywele, iliyonikausha shingo siku mbili? Aliyeipa jina lake la kitaalamu, na kuwashawishi wenzake wawe na lugha moja ya kuutaja kila unywele, ni Osten-Sacken. Yule yule aliyesimama msituni akitazama mng'aro.

Oxford hiyo hiyo kulikuwa na mtu mwingine ninayependa kumtaja, A. H. Hamm, msaidizi wa makumbusho. Mwaka 1908 na 1909 alichapisha alichokiona kwa inzi wa *Empis*, jenasi ndugu: jozi zikiwa zimeshikana, jike anakula nini. Kazi ya kukaa nje na kusubiri. Mwaka 1955 Mmarekani Edward Kessel alikusanya taarifa za namna hii akazipanga kama ngazi: chini inzi asiye na zawadi, juu yake mwenye windo tupu, kisha windo lililofungwa, na juu kabisa kifurushi kisicho na kitu. Ngazi ile ni nzuri mno, na ndiyo maana siiamini sana. Inzi wote hao wanaishi leo. Hakuna aliye babu wa mwenzake.

Jina *maura* halitabadilika. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema jina lililotangulia ndilo linalosimama, na kutofaa kwake si sababu ya kuling'oa. Naielewa kanuni. Bila hiyo kila kizazi kingeanza upya, na daftari la Hamm lisingesomeka.

Nilimsimulia mama kwenye simu habari za *sartor*. Akauliza, "Kitambaa chake anakitoa wapi?"

"Mguuni, mama."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akanyamaza. Nilisikia cherehani ikizunguka, ikasimama. "Na huyo bibi arusi hafungui?"

"Anachelewa kufungua."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kila mdudu wa pini huwekewa kilebo, karatasi ndogo kuliko ukucha: nchi, mahali, tarehe, jina la aliyenasa. Chini yake kilebo cha pili chenye jina la spishi na la aliyelitambua. Niliandika tisa za kwanza na tisa za pili, *Hilara maura*, kwa wino mweusi. Nafasi ilikuwa imebaki mstari mmoja kwenye zile za kwanza. Nikachukua kalamu nyembamba zaidi, na kwa kila dume nikaongeza: juu ya maji, akicheza, amebeba hariri.