Kanisa la Wareno Malindi

Hapa kwetu Kikopey makanisa yetu ni ya juzi tu, mengine mabati yake bado yanang'aa. Kwa hiyo leo tushuke pwani, mpaka Malindi, tukaone kanisa lililoachwa na waumini wake zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Ni dogo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, paa ni la makuti, na makaburi yamelizunguka. Waliolijenga ni Wareno. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari wa Kanisa la Roma, alitia nanga Malindi akielekea Goa, Uhindi. Baharia mmoja alikuwa amekufa, wakamzika huko. Habari hizi Xavier aliziandika mwenyewe kwa barua mwaka ule ule.

Lakini lililotugusa sisi katika barua ile si mazishi. Mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alimwuliza kama Wakristo wa kwao huenda kanisani na kusali kwa bidii. Akamweleza kwa huzuni kwamba Malindi ina misikiti 17, ila watu huhudhuria mitatu tu, nao ni wachache. Ubaridi huo umetoka wapi? Xavier alimjibu kwamba sala za wasioamini hazimpendezi Mungu. Mzee hakuridhika. Nasi, tukisema kweli, hatukuridhika. Mzee alimletea mgeni uchungu wa moyo wake, akapewa hoja. Je, ni mara ngapi sisi tumemjibu jirani vivyo hivyo?

Xavier akasafiri. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, wakahamishia huko makao yao. Sultani wa Malindi, rafiki yao, akahamia pia. Hawakufukuzwa na adui. Kazi na biashara zilihama, nao wakazifuata, jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya barabara kuu tunalielewa vizuri. Kanisa likabaki bila mtu wa kulifungua siku ya Bwana.

Leo linatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wageni huja kulitazama. Saa ya adhuhuri adhana husikika kutoka misikiti ya mji, na sauti yake hufika mpaka makaburini.