Miguu ya Gari na Mkono wa Hesi

Wapenzi wa lugha, tumezoea kukutana hapa kujadili vina, mizani na maneno yaliyosahauliwa katika tenzi. Leo naomba tushuke chini kidogo, tuingie uvunguni mwa gari. Nina sababu. Ninaamini kwamba sehemu nono ya historia ya Kiswahili cha miaka mia iliyopita ilitungwa na watu waliolala chali juu ya gunia, spana mkononi, na kwamba watu hao wametupatia jina moja ambalo hakuna tafsiri ya mezani inayoweza kulishinda. Jina hilo ni miguu.

Huku Balangdalalu, wilayani Hanang, mtu akileta gari lenye kelele kwenye mashimo, fundi husema, "Miguu inagonga." Maneno hayo yanatosha. Miguu ni springi, shokapu, bushi, ekseli na vyuma vyote vinavyolishika gurudumu lisiende linakotaka. Kuna fundi wa injini, kuna fundi umeme, na kuna fundi wa miguu. Nyumbani wengi wetu huzungumza Kidatooga au Kiiraqw, na Kiswahili tunakutana nacho shuleni, sokoni na barabarani. Lakini neno hili si letu peke yetu; ukienda Arusha au Dar es Salaam utalisikia vilevile, nalo halikupitia mikononi mwa kamati yoyote ya istilahi.

Tulipime na jina la Waingereza. Wao huuita mfumo huo kwa neno lenye maana ya kuning'inia, na wana haki, kwa sababu historia yao ilipita huko. Magari ya farasi ya Ulaya ya zamani yalining'inizwa kwa mikanda ya ngozi: kiti cha abiria kilibembea juu ya magurudumu kama kitanda cha mtoto. Springi za chuma zilipoenea, na hasa baada ya Obadiah Elliott kupata hataza ya springi zake zenye umbo la yai mwaka 1804, mikanda ilitoweka, ila jina likabaki. Mwingereza akilitamka leo hakumbuki tena ule mkanda. Sisi tukilitafsiri neno kwa neno, tutakuwa tumeazima kumbukumbu ya kitu ambacho babu zetu hawakukipanda. Fundi wetu aliliona gari lilipofika likiwa limekwisha kuacha mikanda. Aliona kitu kinachotembea, kinachochechemea, kinachochoka miguu. Akakiita alivyokiona.

Majina ya vipande vyenyewe ni mkusanyiko wa wageni wote waliowahi kupita pwani. Parafujo ni Mreno, mtoto wa *parafuso*, na amekaa nasi muda mrefu kuliko gari lenyewe. Kamani, tunayoifahamu zaidi ndani ya saa za mkono, ilitoka Bara Hindi, na nyuma yake kuna neno la Kiajemi, *kaman*, lenye maana ya upinde. Itazame springi ya lori ya mabamba kutoka ubavuni uone kama si upinde uliolazwa. Gari lenyewe ni Mhindi. Bushi, nati, bolti na jeki ni Waingereza waliovikwa irabu. Shokapu nalo ni Mwingereza aliyekatwa mkia. Ndugu yake, shokomzoba, kamezeshwa *m* katikati bila ruhusa ya sarufi yoyote, na kwa maoni yangu amependeza zaidi. Huyo ningemtumia hata katika shairi.

Lakini neno linalonisisimua kuliko yote ni usukani. Kabla ya gari, usukani ulikuwa mali ya mabaharia, kutoka Kiarabu *sukkan*, na mahali pake palikuwa nyuma ya chombo, tezini. Gari lilipokuja, neno lilihama likaenda mbele, mikononi mwa dereva. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Sasa historia ya miguu ya nyuma. Kwa miaka mingi hapa kwetu haikuwa na utata. Lori lina ekseli moja ngumu, kutoka gurudumu hadi gurudumu, imefungwa kwa yu-bolti juu ya springi mbili za mabamba. Magurudumu mawili yakishachomekwa katika chuma kimoja, hayana nafasi ya kugombana: yanatazama kunakotazama chuma. Miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyokuwa chini ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalileta malori na matrekta katika tambarare hizi. (Malisho ya Wabarbaig yaliingia ndani ya mashamba hayo, na hiyo ni historia nyingine, nzito kuliko ya springi.) Ugonjwa wa miguu ya nyuma ulikuwa mmoja tu wa kutisha: senta bolti ikikatika, ekseli husogea upande mmoja, na lori huanza kwenda kama kaa. Dawa yake ilikuwa nyundo, mtaimbo na bolti mpya. Hakuna aliyehitaji jina la pembe.

Waliokuwa tayari wanahangaika na pembe ni wale wa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Katika miaka ya 1960 njia za mashindano hayo zilifika Mbulu, wakati Hanang ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, na jina la Mbulu likawa la kuogopwa na madereva kwa ajili ya tope na miinuko yake. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Washindi, Nick Nowicki na Paddy Cliff, waliendesha Peugeot 404, gari ambalo nyuma lilikuwa na ekseli ngumu juu ya springi za kuzunguka. Mwaka mmoja kabla yake ilishinda Volkswagen ile yenye umbo la kobe, na hapo ndipo mambo yananoga, kwa sababu kobe huyo hakuwa na ekseli ngumu nyuma. Kila gurudumu lilikuwa na mguu wake.

Springi yake ilikuwa fimbo ya chuma inayosokotwa. Ncha ya ndani ya fimbo ilichongwa meno 40, ya nje meno 44. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. Jino moja la nje ni nyuzi 8 na kitu. Fundi akiizungusha fimbo jino moja mbele na bamba lake jino moja nyuma, tofauti inayobaki haifiki nyuzi moja. Kwa hesabu hiyo ya meno tu, bila mashine, aliweza kupandisha nyuma ya gari, na likipanda, magurudumu hubadili mlalo wake: yakiinuliwa mno, nyayo hukimbilia ndani, yakilemewa na mzigo, hutanuka nje. Bila shaka mafundi wa wakati huo walikuwa na maneno ya hali hizi mbili, kwa Kipunjabi, kwa Kikikuyu, kwa Kiswahili. Wengi wa mabingwa wa gereji walikuwa Makalasinga. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu. Maneno hayo ya gereji hayakuandikwa. Magazeti yaliandika nani kashinda.

Tangu biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani kuanza kumiminika bandarini, mguu wa peke yake umekuwa jambo la kila mtu. Chukueni Subaru Forester za mwanzo, ambazo hata huku hazikosekani. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mmoja unaotoka mbele na mikono miwili inayotoka ubavuni, ikielekea katikati ya gari. Kiwandani waliacha nafasi ya kurekebisha kule gurudumu linakotazama, kwa bolti yenye kichwa kisicho sawa. Mlalo wake hawakuuachia nafasi. Gari lilitengenezwa kwa lami. Mwenye nalo huku, akitazama madimbwi ya udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, hulinyanyua: anaweka vipande juu ya springi, au springi ndefu zaidi. Gari linapanda. Mikono ile ya ubavuni, yenye urefu uleule, sasa inaning'inia kwa pembe mpya, na gurudumu linafuata.

Matokeo yake huonekana kwenye tairi. "Tairi linakula upande," tunasema, ingawa kwa haki tairi ndilo linaloliwa. Ubaya mkubwa hauonekani kwa macho. Magurudumu ya nyuma yakitazama pembeni, hata kidogo, hulisukuma gari mshazari, na dereva hulazimika kuushika usukani umepinda ili aende moja kwa moja. Kwenye changarawe, gari likiwa na abiria saba na magunia, ukikanyaga breki ghafla nyuma huja mbele. Hapa nalirudia lile neno: usukani umerudi tezini. Wahenga wa baharini wangelielewa gari hilo upesi kuliko aliyesoma kitabu cha maelekezo.

Dawa yake ni kifaa rahisi. Unatoa ule mkono wa kiwandani, unaweka mwingine wenye hesi za kulia ncha moja na hesi za kushoto ncha ya pili. Ukiuzungusha katikati, unarefuka, ukirudisha, unafupika, kisha unakaza nati za kufungia. Fundi asiye na mashine hutandaza uzi ubavuni mwa gari, mbele hadi nyuma, sambamba na mwili wake, akapima kwa tepu nafasi kati ya uzi na ukingo wa ringi, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Mlalo huupima kwa timazi, ileile ya mwashi. Sharti gari liwe chini, limesimama kwa uzito wake, kwenye ardhi iliyo sawa. Ukipima likiwa juu ya jeki umepima hewa. Na nati ikiachwa bila kukazwa, afadhali ungebaki na mkono wa kiwandani.

Kifaa hiki hakina jina. Kinaagizwa Arusha kwa simu, na simu hizo nimezisikia: "ile rodi," "ile linki," "kile chuma cha nyuma cha kuzungusha." Linki, kwa muuzaji, mara nyingi ni kijiti cha stabilaiza, kitu kingine kabisa, kidogo na cha bei nafuu. Kinakuja kwa basi, hakifai, kinarudi, nauli imeliwa mara mbili, na gari linaendelea kubeba watu likiwa na usukani tezini.

Baadhi ya wenzetu wangependekeza "kiungo rekebishi." Naliheshimu pendekezo, lakini nalikataa kwa sababu mbili. Kiungo, katika mwili wa mtu, ni pale mifupa inapokutana: goti, kiwiko, nyonga. Katika gari hapo ndipo palipo na bushi. Chuma tunachokizungumzia ni mfupa ulio kati ya viungo viwili, na fundi aliyekwisha kutupa miguu asingeuita mfupa kiungo. Pili, urekebishaji si sifa ya kifaa hiki peke yake. Hata bolti ya kiwandani hurekebisha. Kinachokipambanua ni hesi zake. Kwa hiyo napendekeza mkono wa hesi: silabi sita, maneno yote yamo kamusini, na halihitaji maelezo likishaonekana.

Tukishakuwa na mkono na miguu, mengine yanakuja yenyewe. Magurudumu yaliyolala vibaya tuyaite matege, kama wengi wanavyofanya tayari kwa mzaha. Yanayotazamana kupita kiasi yana makengeza. Na ile kazi nzima ya kuyaweka sawa, tunayoiita alaimenti, watunzi wana neno lake la siku nyingi: urari. Najua kuna watakaosema tunalishusha hadhi neno la ushairi kwa kulipeleka gereji. Mizani yenyewe ilianzia dukani, kwenye kupima nafaka, na hakuna mshairi aliyewahi kulalamika.

Fundi mmoja wa hapa, nilipomwambia "mkono wa hesi," alilirudia mara mbili, akafuta mikono kwa tambara, akauliza kama muuzaji wa Arusha naye analijua. Bado halijui. Alilitumia hata hivyo katika simu iliyofuata, akaeleza mara moja tu, na safari hii kilichokuja ndicho alichokiagiza.