Jethro Tull na Njia ya Kurudi kwenye Bluzi

Mwaka 1991 bendi ya Kiingereza Jethro Tull ilitoa albamu iitwayo Catfish Rising. Bendi ilikuwa imepita miaka ishirini jukwaani, ikijulikana kwa nyimbo ndefu zenye mabadiliko mengi na kwa mahadhi ya mashambani. Sasa ilikuja na bluzi. Haikuwa dalili ya kuishiwa: bluzi ndiyo iliyoilea.

Ian Anderson, kiongozi na mwimbaji wa bendi hiyo, mzaliwa wa Dunfermline huko Uskoti, alianza muziki akiwa kijana mjini Blackpool. Mwishoni mwa 1967 alihamia kusini, wakati vijana wa Uingereza walipokuwa wakijifunza kupiga bluzi kwa kusikiliza santuri za Wamarekani Weusi. Alipoona hatamfikia Eric Clapton kwa gitaa, akashika filimbi. Albamu ya kwanza ya bendi, This Was ya 1968, ilibebwa na bluzi za gitaa la Mick Abrahams. Lakini Anderson alitaka kwenda kwingine. Abrahams akajitoa, akaunda bendi ya Blodwyn Pig. Martin Barre akachukua nafasi yake kwenye gitaa.

Hapo safari ikapanuka. Aqualung ilitoka 1971. Mwaka uliofuata ikaja Thick as a Brick, wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Songs from the Wood (1977) na Heavy Horses (1978) zikaimba misitu, misimu na farasi wa kulimia.

Pigo lilikuja baada ya albamu ya Under Wraps ya 1984, koo la Anderson lilipoumia. Sauti yake haikurudi ilivyokuwa, ikabidi aimbe chini zaidi. Licha ya hayo, albamu ya Crest of a Knave ya 1987 iliipa bendi tuzo ya Grammy mwaka 1989, mbele ya bendi ya Metallica waliotazamiwa kushinda.

Catfish Rising ilijengwa juu ya sauti hiyo iliyobadilika. Bluzi haidai sauti ya kupaa. Inadai sauti iliyoishi, na Anderson alikuwa nayo. Jina la albamu linamtaja kambare, samaki wa jimbo la Mississippi ambaye mwimbaji wa bluzi Robert Petway alimwimba katika Catfish Blues mwaka 1941. Hata hivyo, bendi haikujifanya ya Mississippi. Mandolini ya Anderson inasikika sana katika albamu, na katika nyimbo nyingi besi iko mikononi mwa Dave Pegg wa Fairport Convention, kundi lililoutia muziki wa jadi wa Kiingereza ndani ya roki. Katika “Sleeping with the Dog” bluzi inasikika wazi.

Kijana wa 1968 aliipokea bluzi kutoka kwenye santuri za watu wengine. Mtu mzima wa 1991 aliiimba kwa koo lililojeruhiwa na kwa ala alizozizoea katika nyimbo za mashamba ya kwao. Ndiyo maana albamu hii inastahili kusikilizwa upya: ndani yake bluzi ya kuazima imekuwa mali ya mwimbaji mwenyewe.