Likizo barani Afrika: Mwezi huchaguliwa kabla ya mahali

AFRIKA ina ukubwa wa takriban kilomita mraba milioni 30. Nchi zaidi ya 50 zenye ukubwa wa Kenya zaweza kuingia ndani yake na nafasi ikasalia.

Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Dakar, Senegal, ni ya zaidi ya kilomita 6,000, ilhali kutoka Nairobi hadi Mumbai, India, ni kama kilomita 4,500. Kwa hivyo, anayesema kwamba anakwenda kutalii Afrika hajasema lolote bado.

Bara hili lina nchi 54 zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa, na Ikweta imelikata karibu katikati. Cape Town inapopigwa na mvua na baridi ya Julai, watu wa Cairo huwa wanatafuta kivuli. Mwezi mmoja huleta neema mahali fulani na kero mahali pengine.

Kosa la familia nyingi ni kupendezwa na picha ya mahali, kulipa nauli, kisha kugundua kwamba zimefika wakati usiofaa. Akiba ya miaka miwili au mitatu huishia kutazama ukungu kupitia dirisha la hoteli.

Kwa mzazi wa Kenya mwenye watoto shuleni, mwezi wenyewe kwa kawaida huwa umekwisha kuchaguliwa na kalenda ya masomo: Aprili, Agosti, au likizo ndefu ya kufunga mwaka. Linalobaki ni kuoanisha mwezi huo na mahali panapofaa.

Likizo ya Aprili

Nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huu ni msimu wa masika, ambao huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Barabara za mbugani huteleza, magari hukwama katika udongo mweusi, na baadhi ya kambi za watalii hufungwa.

Hata hivyo, bei za vyumba hushuka na wageni huwa wachache. Asiyeogopa matope anaweza kupata mbuga yenye majani mabichi na utulivu ambao haupatikani Agosti.

Huu pia ndio wakati Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, yanapokuwa na maji mengi zaidi. Maporomoko hayo yana upana wa takriban mita 1,700 na kimo cha mita 108. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji mkalimani kulitambua neno la kwanza.

Lakini wingi huo wa maji una hasara yake. Manyunyu huwa mazito kiasi kwamba anayesimama mkabala na maporomoko hutota asione mwamba. Anayetaka kuuona mwamba wenyewe, au kushuka mto Zambezi kwa mashua ya mpira, afadhali asubiri Agosti au Septemba. Kufikia Oktoba na Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia huwa karibu kukauka.

Morocco na Misri huwa na joto la wastani mwezi Aprili, ingawa Misri wakati mwingine hupigwa na khamsini, upepo wa jangwani unaobeba vumbi.

Likizo ya Agosti

Huu ndio mwezi wa nyumbu. Zaidi ya nyumbu milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara wakifuata mvua na malisho, na kwa kawaida huvuka mto Mara kati ya Julai na Oktoba.

Ikumbukwe kwamba mnyama hana ratiba. Msafiri wa siku moja anaweza kukaa ukingoni tangu asubuhi hadi jioni asione hata nyumbu mmoja akijitosa majini. Siku tatu humwongezea matumaini. Anayetaka kuwaona wakizaa anapaswa kwenda kusini mwa Serengeti kati ya Januari na Machi.

Nchini Botswana, delta ya Okavango hufurika kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo Botswana yenyewe haina mvua. Maji hayo hutokana na mvua iliyonyesha miezi kadhaa awali katika nyanda za juu za Angola, na huchukua muda mrefu kuteremka hadi huko. Mwaka 2014, Okavango iliorodheshwa na UNESCO kuwa eneo la 1,000 la Turathi za Dunia.

Misitu ya Bwindi nchini Uganda na milima ya volkano ya Rwanda huwa na ukavu wa kadiri kati ya Juni na Septemba, jambo linalorahisisha kupanda kuwafuata gorila wa milimani. Aidha, nyangumi huonekana karibu na ufuo wa Hermanus, Afrika Kusini, ingawa msafiri atahitaji koti zito.

Mahali pa kuepuka mwezi huu ni Luxor na Aswan, kusini mwa Misri, ambako joto hupita nyuzi 40. Pwani ya Kenya nayo huwa chini ya pepo za kusi. Bahari huchafuka, na anayetaka kupiga mbizi Watamu au Kisite haoni mbali majini.

Likizo ya kufunga mwaka

Kaskazi inapoanza kuvuma, bahari ya Lamu, Mombasa na Zanzibar hutulia. Tatizo ni kwamba kila mtu analijua hilo. Vyumba hujaa, nauli za mabasi hupanda, na tiketi za treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyozinduliwa Mei 2017, hutoweka mapema.

Desemba ni kiangazi huko Cape Town na hali ya hewa ya kupendeza nchini Misri. Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyo karibu na piramidi za Giza, yalizinduliwa rasmi Novemba 2025, na sasa hazina za kaburi la Tutankhamun zimewekwa humo.

Afrika Magharibi nayo huwa kavu. Nchini Ghana kuna ngome ya Elmina, iliyojengwa na Wareno mwaka 1482, na nchini Senegal kuna kisiwa cha Gorée. Hizi si ziara za kuchekesha watoto. Ni mahali ambapo historia ya utumwa inasimuliwa ndani ya vyumba vile vile walimofungiwa watu, na mzazi anapaswa kuwaandaa wanawe kabla ya kuingia.

Umri na nguvu za mwili

Shughuli nyingine zina masharti ambayo hayajadiliwi langoni. Nchini Rwanda na Uganda, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwaona gorila. Kila kundi la gorila hutembelewa na watu wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Ada ya kibali ni ya juu, ingawa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni wengine.

Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, hauhitaji ujuzi wa kukwea kwa kamba. Hata hivyo, wengi hushindwa kufika kileleni kwa sababu ya kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuizoea hewa nyepesi. Siku saba au nane hugharimu zaidi kuliko tano, lakini aliyeokoa fedha hizo akarudishwa njiani kwa maumivu ya kichwa na kutapika hakuokoa chochote.

Hati, afya na usalama

Tangu mwaka 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa. Nchi nyingine huhitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, hata pale ambapo viza haihitajiki. Tangu Januari 2023, Mkenya huruhusiwa kuzuru Afrika Kusini bila viza kwa muda wa hadi siku 90 kwa mwaka. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja huenda akaulizwa cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili.

Chanjo ya homa ya manjano huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake, tangu mwaka 2016, hakiishi muda.

Malaria nayo husahaulika kwa urahisi. Mtu aliyekulia Nairobi au Nyeri hana kinga ya mtu wa Kisumu, na anapaswa kumwona daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya kuelekea nyanda za chini. Wajawazito na watoto wadogo wahitaji tahadhari zaidi.

Kuna mahali ambapo, licha ya uzuri wake, pamefungwa na vita. Piramidi za Meroe nchini Sudan haziwezi kuzuriwa kwa amani tangu mapigano yalipozuka Aprili 2023. Mji wa Goma, lango la Mbuga ya Virunga huko Kongo, ulitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Ushauri wa wizara ya mambo ya nje husomwa kabla ya kulipa tiketi.

Asiye na nauli ya mbali

Umbali si kipimo cha likizo. Mji mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011, na magofu ya Gedi mwaka 2024. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wanaishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliosalia duniani. Wote ni majike, mama na binti yake. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama, ilhali kuna watoto wa Nanyuki, mwendo mfupi kutoka hapo, ambao hawajawahi kuwaona.

Familia yenye siku nne na fedha kidogo itafaidi zaidi mahali pamoja palipo karibu, katika mwezi wake, kuliko nchi tatu zilizopitwa mbio. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya chumba, msafiri aulize kwanza: mahali hapo hunyesha lini, bahari hutulia lini, na je, kila mmoja katika familia ataruhusiwa kuingia?