Kuta za Christchurch zilivyozungumza baada ya tetemeko

ILIKUWA saa 6:51 mchana, Februari 22, 2011, wakati wafanyakazi wengi wakiwa katika mapumziko ya chakula cha mchana, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.3 lilipoupiga mji wa Christchurch, ulioko katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Watu 185 walipoteza maisha.

Hilo lilikuwa pigo la pili. Septemba 4, 2010, saa 10:35 alfajiri, tetemeko lenye ukubwa wa 7.1 lilikuwa limeutikisa mkoa huo wa Canterbury, lakini kitovu chake kilikuwa mbali na mji na wakazi walikuwa bado vitandani. La Februari lilikuwa dogo kwa kipimo, ila lilitokea karibu kabisa na mji, kina kifupi ardhini, na katikati ya shughuli za mchana.

Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu majengo yaliyoanguka. Makala haya yanaangalia upande mwingine wa maafa hayo: maneno, alama na michoro iliyotanda katika kuta, milango na viwanja vitupu vya mji huo, na jinsi wananchi walivyojifunza kutofautisha ujumbe wa kuaminika na ule wa kutiliwa shaka.

Rangi tatu milangoni

Ujumbe wa kwanza haukuandikwa na wasanii. Vikosi vya uokoaji, vikiwamo vilivyotoka Australia, Japani, Marekani na Uingereza, vilipita jengo kwa jengo, na kila vilipomaliza kupekua viliacha alama ya rangi ya kupuliza ukutani kuonyesha ni kikosi gani kimeingia, lini, na ndani kuna hatari gani. Aliyefuata nyuma hakuwa na haja ya kuuliza, alisoma ukuta.

Sambamba na hayo, wakaguzi walibandika karatasi za rangi tatu milangoni. Nyekundu ilimaanisha jengo ni hatari na ni marufuku kuingia. Njano iliruhusu kuingia kwa masharti. Kijani ilimaanisha kuwa ukaguzi wa haraka haukuona sababu ya kulifunga jengo.

Rangi ya kijani ndiyo iliyoacha funzo chungu. Baada ya tetemeko la Septemba 2010, jengo la ghorofa la CTV lilibandikwa karatasi ya kijani na likaendelea kutumika. Februari 22 liliporomoka na kushika moto. Watu 115 walifia humo, wakiwamo wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Idadi hiyo ni zaidi ya nusu ya vifo vyote vya siku ile. Tume ya Kifalme iliyochunguza maafa hayo ilibaini kuwa jengo hilo lilikuwa na kasoro za usanifu tangu lilipojengwa katika miaka ya 1980.

Karatasi ile haikuandikwa kwa nia ya kudanganya. Tatizo ni kwamba mkaguzi alitazama tu kama kuna uharibifu mpya unaoonekana kwa macho, ilhali raia wa kawaida, aliyezoea kuwa kijani ni ruhusa, aliisoma kama dhamana ya usalama. Baadaye New Zealand iliiondoa kijani na kuweka karatasi nyeupe, ili rangi isiahidi jambo ambalo aliyeibandika halijui.

Sauti za wananchi

Katikati ya mji palizungushiwa uzio na kulindwa na askari. Eneo hilo lililoitwa ukanda mwekundu halikufunguliwa lote hadi Juni 2013. Uzio huo ukageuka ubao wa matangazo na mahali pa maombolezo: watu walifunga maua, wakatundika picha, wakaandika salamu.

Maneno yaliyoonekana kila mahali ni 'Kia kaha', yaani 'jipe nguvu' kwa lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Usemi huo ulijulikana tangu zamani, na ulitumiwa na kikosi cha askari wa Kimaori katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sasa uliandikwa kwenye madirisha ya maduka, fulana na mbao za kuzibia milango.

Koni za barabarani, ambazo kwa miaka kadhaa zilitapakaa karibu kila mtaa wenye shimo, nazo zilipewa kazi ya pili. Kila Februari 22 wakazi walichomeka maua kwenye tundu la juu la koni zilizo mbele ya nyumba zao, huku wengine wakitupa maua katika Mto Avon unaopita katikati ya mji.

Katika kumbukumbu ya mwaka mmoja, Februari 2012, msanii Peter Majendie alipanga viti 185 vilivyopakwa rangi nyeupe katika kiwanja cha kanisa lililobomoka. Hakuna viti viwili vilivyofanana. Kulikuwa na kiti cha mapumziko, kigoda, kiti cha magurudumu na kile cha kubebea mtoto mchanga. Havikuwa na majina wala maelezo, lakini kila aliyepita alielewa kuwa tarakimu ile ya 185 ilikuwa ya watu, na kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuketi.

Vikaratasi zaidi ya 100,000

Mei 2011, Halmashauri ya Jiji ilianzisha kampeni ya kuwaalika wakazi watoe maoni kuhusu mji wanaoutaka. Wengi waliandika kwenye vikaratasi vya kunata na kuvibandika ukutani. Yalikusanywa mawazo zaidi ya 100,000, mengi yakitaka majengo mafupi, miti, na mitaa inayopitika kwa miguu na baiskeli.

Hata hivyo, mwaka 2012 Serikali Kuu iliunda chombo chake cha kusimamia ujenzi wa katikati ya mji, na Julai mwaka huo kikatoa mpango uliotilia mkazo miradi mikubwa. Baadhi ya mapendekezo ya wananchi yalizingatiwa, lakini wapo walioona kuwa waliulizwa kisha wakawekwa kando. Wakati huohuo, nyumba zipatazo 8,000 zilikuwa katika maeneo ambayo Serikali iliamua kuwa hayafai tena kukaliwa, na madai ya bima yalichukua miaka. Hapo lugha ya kuta ikabadilika. Pembeni ya salamu za kutiana moyo yakaandikwa maneno ya hasira na kejeli dhidi ya watoa bima na wakuu.

Si kosa kuchoka

Februari 2013, miaka miwili baada ya maafa, mamlaka ya afya ya Canterbury na Taasisi ya Afya ya Akili ya New Zealand zilizindua kampeni iliyoitwa 'All Right?', ambayo ni kama kumuuliza mtu, 'U mzima?' Mabango yake hayakumtaka mtu awe shujaa. Yalimwambia kuwa si kosa kuchoka, kuchanganyikiwa au kulia, na kwamba si kosa pia kufurahi wakati jirani bado anahangaika. Kwa watu waliokwisha kusifiwa mara nyingi kwa uvumilivu wao, kauli hizo zilikuwa nafuu, kwani ziliikubali hali kama ilivyokuwa.

Michoro mikubwa

Zaidi ya majengo 1,000 ya katikati ya mji yalibomolewa, na kuta ambazo hazikuwahi kuonekana zikabaki wazi. Kikundi cha Gap Filler, kilichoundwa baada ya tetemeko la 2010, kilikuwa kimeanza kuvipa uhai viwanja vitupu kwa sanaa na michezo. Desemba 2013 likafunguliwa onyesho la RISE katika Jumba la Makumbusho la Canterbury, likiambatana na michoro mikubwa kwenye kuta za mji. Mmoja uliopendwa sana ni wa Owen Dippie, aliyemchora mcheza dansi ya bale kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi wa Isaac Theatre Royal, wakati ukumbi wenyewe ukiwa bado unakarabatiwa.

Jumba la Sanaa la Christchurch, lililotumika kama makao makuu ya uokoaji mwaka 2011, lilifunguliwa tena kwa umma Desemba 2015. Mbele yake ziliwekwa taa za neoni za msanii wa Uingereza, Martin Creed, zikisema kwa herufi kubwa za rangi nyingi kuwa kila kitu kitakuwa sawa. Maneno hayo Creed alikwisha kuyaweka London mwaka 1999. Hayakutungwa kwa ajili ya Christchurch. Aliyekwisha kurudi nyumbani kwake aliweza kuyasoma kama faraja. Aliyekuwa bado anasubiri fidia aliweza kuyasoma kama swali.

Kilichobaki

Kadiri ujenzi ulivyosonga mbele, majengo mapya yalizifunika kuta, na michoro mingi ikapotea. Hiyo ilikuwa dalili ya kupona, ingawa wapo waliosikitika. Februari 22, 2017 ilizinduliwa kando ya Mto Avon kumbukumbu ya kitaifa iitwayo Oi Manawa, yaani mtetemeko wa moyo, yenye ukuta wa marumaru ulioandikwa majina ya wote 185.

Karatasi ya kijani iliahidi kupita uwezo wake, na nchi ikaibadilisha rangi. Viti vyeupe na mabango ya 'All Right?' havikuahidi lolote, na watu wakavikubali. Kwa mji wowote unaojiandaa kwa maafa, tofauti hiyo inafaa kuzingatiwa mapema, kabla mkaguzi wa kwanza hajafika mlangoni na karatasi yake.